Namna ya kumpendekezea mtu kitabu, naye akakisoma

Kitabu husifiwa kwa moyo wote, anayeambiwa akatikisa kichwa, akaliandika jina kwenye simu, na jina likalala humo mpaka likasahaulika. Mara nyingi kosa halimo kitabuni. Kosa ni kwamba aliyesifu alikitazama kitabu bila kumtazama msomaji. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzungumzia kitabu unachokisoma, jinsi ya kumchagulia mtu kitabu kinachomfaa, na jinsi ya kukieleza kwa maneno yatakayomfanya akifungue.

Unachokisoma na unachokipendekeza ni mambo mawili

Mtu akikuuliza, "Unasoma nini siku hizi?", anataka habari za njiani. Hajakuomba umchagulie kitabu. Habari za njiani unaweza kuzitoa hata ukiwa ukurasa wa 20, mradi useme kwamba uko ukurasa wa 20. Kupendekeza ni kumwekea mtu dhamana: unamwambia atoe saa kadhaa za maisha yake kwa neno lako. Usimpe mtu dhamana ya kitabu ambacho hujakimaliza. Vitabu vingi huanza kwa kishindo na kufifia sura za mwisho, na vingine husuasua robo ya kwanza kisha vikanoga, kwa hiyo aliye katikati hana msingi wa kuhukumu.

Habari ya njiani iliyo nzuri ni sentensi nne au tano. Isiwe hivi: "Ninasoma riwaya moja nzuri sana, lazima uitafute!" Sentensi hiyo haina kitu ndani yake ambacho msikilizaji anaweza kukishika. Linganisha na hii:

"Ninasoma riwaya ya kurasa 312, nimefika sura ya 9 kati ya 21. Ndugu watatu wanapokezana kusimulia, na kila mmoja anaikumbuka siku ya mazishi ya baba yao kwa namna yake. Sura tatu za kwanza zilinichosha kwa sababu ya wingi wa majina. Nilipoyaandika kwenye kikaratasi ndipo nikaanza kwenda kasi. Bado sijui kama mwandishi ataweza kuufumbua mgogoro wao."

Ongeza hapo jina kamili la kitabu na la mwandishi, na jina la mfasiri kama ni tafsiri, basi umemaliza. Msikilizaji amepata aina ya kitabu, urefu wake, mbinu ya usimulizi, ugumu uliopo na dawa yake, na hakuna kilichofichuliwa zaidi ya kile kinachojitokeza mapema. Kubwa zaidi, amepewa nafasi ya kuuliza swali.

Taja sura, usitegemee namba ya ukurasa peke yake. Kitabu kimoja kikichapwa mara mbili, kwa herufi ndogo na kwa herufi kubwa, namba za kurasa hazitalingana. Na kwenye simu au kisomeo cha kielektroniki msomaji hubadilisha ukubwa wa maandishi apendavyo, hata "ukurasa" wenyewe ukakosa maana. Sura hazihami. Kama kitabu hakina sura, taja tukio dogo lisilo la siri, au sema uko robo, nusu au theluthi mbili.

Anayesoma vitabu vitano kwa wakati mmoja asivitaje vyote. Achague kimoja, au viwili vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Orodha ndefu humweleza msikilizaji habari za msomaji tu, vitabu vyenyewe vikabaki majina.

Mjue msomaji kwanza

Mwaka 1931 mkutubi wa Uhindi, Shiyali Ramamrita Ranganathan, alitoa kanuni tano za kazi ya maktaba. Mbili kati yake zinatosha hapa: kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Zisome pamoja. Kitabu ulichokipenda kupita vyote huenda si cha huyu aliye mbele yako, na kile kilichokushinda huenda ndicho anachokitafuta.

Usimwulize, "Unapenda vitabu vya aina gani?" Atajibu "aina zote", au atataja aina ambayo angependa aonekane anaipenda. Uliza mambo yaliyokwisha kutokea:

Kitabu gani cha mwisho ulikimaliza kwa furaha, na ni nini hasa kilikushika?

Kipi ulikiacha njiani, na ulikiachia wapi?

Siku hizi unasoma saa ngapi, na ukiwa katika hali gani?

Swali la pili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Mtu huweza kushindwa kueleza anachopenda, lakini kilichomchosha hukieleza bila kusita: "maelezo marefu mno", "sikumwamini yule mhusika", "lugha ilikuwa ngumu, kila mstari kamusi". Kila jibu kama hilo linakuondolea vitabu kumi kichwani.

Sikiliza maneno anayoyatumia kujibu swali la kwanza. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyefanya kazi hii miaka mingi, anasema msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: hadithi, wahusika, mandhari au lugha. Kila kitabu kina milango yote minne, ila ukubwa wake hutofautiana sana, na kila msomaji ana mlango anaoupenda.

Akisema, "Sikuweza kukiweka chini, nililala saa nane usiku," huyo ameingilia mlango wa hadithi: anataka matukio na taharuki. Akisema, "Yule mama nilimwona kama ninamfahamu," huyo ni wa wahusika, na hatalalamika hata kama kwa kurasa mia hakuna kinachotokea. "Nilikuwa kama niko huko, hata harufu ya kivuko niliisikia" ni mlango wa mandhari. Na yule anayetoa simu akusomee sentensi aliyoipiga picha, huyo ni wa lugha. Mpe ushairi au nathari iliyochongwa, usimsumbue na kitabu kilichoandikwa haraka hata kiwe na msuko wa namna gani.

Kosa la kawaida hapa ni kufuata mada. Mtu anasema amependa riwaya ya mvuvi aliyepotea baharini, naye rafiki yake anamtafutia riwaya nyingine ya wavuvi. Kumbe kilichomshika ni upweke wa yule mzee, jinsi alivyokuwa akizungumza na mikono yake mwenyewe. Kitabu kinachomfaa huenda ni cha mlinzi wa mnara, au cha mjane anayeishi ghorofa ya juu. Wapo wanaofuata mada kweli, hasa wasomaji wa historia, sayansi na wasifu. Nao hao pia wachunguze, kwa sababu msomaji wa historia anayependa simulizi za watu hatafika mbali na kitabu cha majedwali na tarakimu.

Swali la tatu, la muda na hali, hupuuzwa na ndilo huharibu mapendekezo yaliyokuwa sahihi. Anayesoma dakika kumi kumi akiwa safarini anahitaji sura fupi au mkusanyiko wa hadithi fupi, ambamo anaweza kumaliza kitu kizima kabla ya kushuka. Aliyetoka msibani huenda hataki riwaya ya kifo, au huenda ndiyo hasa anayoitaka. Hilo usilikisie, uliza kwa upole.

Hesabu muda kabla ya kukitaja

Urefu wa kitabu huwatisha watu kwa kuwa hawajui maana yake kwa saa. Mara nyingi utaona makadirio ya kasi ya kusoma: uchambuzi wa Marc Brysbaert wa mwaka 2019, uliokusanya tafiti nyingi, ulipata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa mtu mzima anayesoma kimyakimya vitabu visivyo vya kubuni, na 260 kwa vya kubuni. Tarakimu hizo ni za Kiingereza. Usizihamishie kwenye Kiswahili. Neno letu moja kama "hawatatusomea" limebeba mtendaji, ukanushi, wakati, mtendewa na kitendo, mambo yanayohitaji maneno matano au sita kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno yanayosomwa kwa dakika huwa machache zaidi, bila msomaji kuwa mzembe.

Njia ya uhakika ni kujipima kwa kurasa. Fungua kitabu katikati, si mwanzoni ambako kila mtu huenda polepole, na soma kurasa 10 kwa mwendo wako wa kila siku huku ukiangalia saa. Tuseme zimekwenda dakika 18. Kitabu cha kurasa 300 kitachukua dakika 540, yaani saa tisa kamili. Anayesoma nusu saa kila usiku atakimaliza kwa siku 18. Ukimwambia mtu, "Ni kitabu cha majuma mawili na nusu, nusu saa kila siku," atakiona kama kitu kinachowezekana, kuliko kumwambia ni kinene lakini asiogope.

Vitaje vitatu, usizidishe

Kimoja kiwe karibu kabisa na alichokipenda: mlango uleule, mwendo uleule. Cha pili kiwe hatua moja pembeni, mlango uleule lakini aina nyingine ya kitabu, kwa mfano msomaji wa riwaya za wahusika ukampa tawasifu. Cha tatu kiwe kifupi, chini ya kurasa 150, ili kama ana shaka aanzie hapo. Mwambie waziwazi ungependa aanze na kipi. Ukimwachia orodha ya vitabu kumi umemrudishia kazi aliyokuomba umsaidie, na kazi hiyo hufa.

Maneno ya kukieleza

Eleza kinachoanzisha kitabu, siyo kinachokimaliza. Kipimo rahisi: usiseme lolote lililo nje ya robo ya kwanza. Nyuma ya jalada pia si mahali salama pa kunakili, kwa maana baadhi ya wachapishaji hueleza humo mambo yanayotokea katikati ya kitabu.

Baada ya sentensi ya mwanzo wa hadithi, sema kwa nini umemfikiria yeye: "Ulisema ulimpenda yule msimulizi anayejidanganya mwenyewe; huyu naye ni wa namna hiyo." Sentensi hii ndiyo inayobeba pendekezo lote. Bila hiyo umetoa tangazo.

Kisha taja kasoro. Wengi huogopa hapa, wakidhani watamvunja mtu moyo. Mambo huwa kinyume: sifa tupu humtia msomaji shaka, kama wasemavyo wahenga, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vilevile, msomaji aliyeonywa kwamba kurasa 40 za kwanza ni nzito hufika ya 41. Asiyeonywa hukwama ya 25 akidhani kitabu chote kiko hivyo. Kasoro za kutaja ni zile zinazomfanya mtu aache: mwanzo wa polepole, majina mengi yanayofanana, mbinu rejeshi zinazoruka miaka bila kutangaza, lahaja isiyozoeleka bila faharasa ya maneno, herufi ndogo mno, mwisho usiofumbuliwa. Huo wa mwisho utaje kwa uangalifu. Kusema "usitarajie kila kitu kielezwe" kunatosha.

Kuhusu riwaya za upelelezi na taharuki, kuna mtego. Ukisema tu, "Mwisho wake utakushangaza!", umekwisha kukiharibu. Kuanzia hapo msomaji ataacha kusoma na kuanza kuwinda, atamshuku kila mhusika mwema, na mshangao ukifika utamkuta ameshaungoja. Sema kitabu kina kasi, sema huwezi kueleza zaidi, nyamaza.

Yapo mambo ambayo inafaa mtu ayajue mapema: ukatili dhidi ya watoto, ubakaji, kujiua, maelezo ya kina ya ugonjwa. Hapa kutokufichua na kutokuumiza vinagongana. Njia ya katikati ni kutaja kwamba jambo hilo limo, bila kusema linampata nani wala lini, kisha kuacha mlango wazi: "Kuna tukio la kumdhuru mtoto. Ukitaka nikuonyeshe sura ili uiruke, niambie." Msomaji aamue mwenyewe.

Apate kitabu kilekile

Ni jambo la kusikitisha mtu akikubali, akakitafuta, kisha akapata kingine. Majina ya vitabu hufanana, na jina haliwi la mwandishi mmoja milele. Andika jina la kitabu kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina ndani, si kama lilivyofupishwa kwenye jalada, pamoja na mwandishi, mwaka na mchapishaji. Kwa kitabu kilichotafsiriwa, jina la mfasiri ni la lazima. Tafsiri mbili za kitabu kimoja ni sauti mbili, na aliyekisifu amesifu mojawapo.

Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, humaliza ubishi. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, zikianza na 978 au 979. Za kabla ya hapo zilikuwa 10. Kila toleo lina yake, na jalada gumu, jalada laini na nakala ya kielektroniki za kitabu kimoja huwa na namba tofauti, hivyo ukimpa mtu namba umempa toleo lile lile ulilolisoma. Ukihofia umekosea kuinakili, ijaribu: tarakimu ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, endelea hivyo hadi ya kumi na tatu, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki, kuna tarakimu umeikosea. Rahisi zaidi ni kupiga picha nyuma ya ukurasa wa jina, ambako habari zote hizi zimechapwa pamoja.

Kikiwa ni sehemu ya mfululizo, sema ni cha ngapi, na kama kinaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo mpangilio wa kuchapishwa haulingani na mpangilio wa matukio, mwelekeze kwenye ule wa kuchapishwa. Mwandishi alifunua siri zake kwa utaratibu huo, na kitabu kinachorudi nyuma kueleza asili ya mambo kwa kawaida kimeandikwa kwa mtu anayejua yaliyofuata.

Mkiwa wengi

Watu wanane wakikaa kuelezana wanachosoma, dakika nne kwa kila mmoja zinafika dakika 32 na bado mnabaki na muda wa maongezi. Dakika moja ya kueleza ni kitabu gani, dakika moja ya kueleza kinavyokwenda, dakika moja ya kusoma kwa sauti, na moja ya maswali. Awepo mtu wa kushika saa, la sivyo wa kwanza atazungumza robo saa na wa mwisho atataja jina tu huku watu wakiinuka.

Ile dakika ya kusoma kwa sauti usiiondoe kamwe. Hakuna sifa inayoifikia aya moja ya kitabu chenyewe. Nusu ukurasa unatosha. Usichague ukurasa wa kwanza, ambao huwa umejaa utambulisho, wala kilele cha hadithi. Tafuta mahali penye mazungumzo ya watu wawili, au maelezo ya kitu kimoja kinachoonekana, uweke alama kwa kikaratasi, na upasome nyumbani mara mbili ili ulimi usikwame. Mtu wa lugha atainua kichwa katika sentensi ya pili, utamwona.

Kwenye kundi, katazo la kufichua liwe kali zaidi, kwa kuwa humo wamo ambao wamekifikisha katikati. Kumwaga mtama penye kuku wengi hakurekebishiki. Anayetaka kujadili mwisho amsubiri aliyekwisha kukimaliza, wakae pembeni.

Weka daftari. Safu tano: tarehe, kitabu na mwandishi, aliyependekeza, aliyependekezewa, na kilichotokea. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Baada ya miezi kadhaa utaanza kuona nani huwa mna ladha moja, na nani akikisifu kitabu wewe ukae mbali nacho. Huyo wa pili naye ni wa kutunza, maana anakuongoza sawasawa na wa kwanza.

Baada ya kukitoa

Usimfuatilie. Baada ya majuma matatu uliza mara moja, na uulize "umefika wapi?" badala ya "umekipenda?". La kwanza linajibika hata na aliyekiacha. La pili linamlazimisha kusema uongo wa adabu.

Na umpe ruhusa ya kuacha tangu mwanzo. Pearl ana kanuni yake hapa pia: aliye na umri wa miaka 50 au chini asome kurasa 50 ndipo aamue, aliyezidi 50 atoe umri wake katika 100, kinachobaki ndizo kurasa anazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30 tu. Ni kanuni yenye huruma, na inamwondolea msomaji hatia ambayo huwafanya wengine wakae na kitabu kimoja mwaka mzima bila kusoma kingine chochote.

Akikiacha, uliza ni wapi hasa. Aliyeishia ndani ya kurasa 30 kwa kawaida ameshindwa na lugha au mwendo, kwa hiyo ulikosea mlango. Aliyeishia katikati amechoshwa na msuko. Mlango ulikuwa sahihi, kitabu chenyewe ndicho kilicholegea, na kingine cha namna hiyo chenye kasi zaidi huenda kikamfaa. Aliyekiacha zikiwa zimebaki kurasa 20 amekasirishwa na jambo fulani, na jambo hilo linastahili mazungumzo marefu kuliko kitabu kipya.

Vikikataa vitatu mfululizo kwa mtu mmoja, acha kupendekeza. Mwombe yeye akupe kitabu anachokipenda sana, ukisome chote, pamoja na sehemu zinazokuchosha, na uandike daftarini kila mahali ulipohisi yeye angetabasamu. Pendekezo lako linalofuata lianzie kwenye maandishi hayo.